Siku ya Kura Jasu Hakuonekana

Kijiji cha Dhaulakot,
Kwa njia ya soko la Rimna,
Nepal.
12 Mangsir

Mpendwa Kaka Dhansur,

Shikamoo kaka. Ni mimi mdogo wako Nandakali, nimeketi juu ya paa penye jua, maana huko chini uani maji yameanza kuganda. Kwanza hali yako. Lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limetulia, au bado unalipaka mafuta ya haradali na kuwaongopea watu kwamba halikuumi? Wifi Champa na presha yake wanaendeleaje? Na yule tajiri unayemlindia lango, amekupa koti zito alilokuahidi, au bado analitafuta? Sisi huku tupo. Ng'ombe mwekundu amezaa, matufaha yalikuwa madogo lakini matamu, nami meno mawili yamenihama na mengine yanafikiria.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kaka, simu siku hizi zina masikio mengi. Wewe husikii vizuri, kwa hiyo wifi Champa hufungua sauti yote, na nusu ya majirani zenu huko Dehradun, India, ni watu wa bonde letu na wa chama chetu. Barua hii nimempa Premlal, mkwe wa fundi cherehani, mkono kwa mkono. Itazame bahasha vizuri kabla hujaichana. Ukiona gundi imeguswa, nijulishe.

Ninalotaka kukueleza linamhusu ndugu yetu Karbir.

Najua habari imeshawafikia kwamba Karbir ameuokoa mto wetu na kwamba watu wamembeba mabegani. Kumbeba walimbeba, nilikuwepo. Lakini nataka uyasikie na yaliyotangulia, kisha upime mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa wetu, na mimi nimepima mpaka mizani imenichosha.

Uliondoka hapa Karbir akiwa bado mwalimu wa shule ya msingi mwenye suruali moja. Yaliyofuata uliyapata vipande vipande. Mwaka ule wa njaa, mkuu wa wilaya alipokuwa anauza mchele wa msaada, Karbir aliwachukua wazee na akina mama wakaenda kukalia magunia, wakakataa kunyanyuka. Akafukuzwa kazi, kisha akafungwa. Aliyempelekea chakula gerezani alikuwa Jasu Sarki, mke wa mshona viatu, wa lile tabaka ambalo watu wanakataa kuligusa. Unakumbuka jinsi mama alivyokuwa akimmiminia Jasu maji kwa mbali ili vyombo visigusane. Basi mlinzi wa gereza naye alikuwa mtu wa namna ya mama. Hakukipekua chakula cha Jasu kwa sababu hakutaka kukigusa, na kwa njia hiyo Karbir akapata tumbaku na habari zote za nje.

Mikoa ilipoanzishwa, Karbir akachaguliwa kuingia baraza la mkoa. Chama chetu hakikutosha kushika serikali, naye akawa kiongozi wa upinzani, na hapo ndipo alipokaa mpaka leo. Anajua kupinga, kaka. Akisimama upande wa kushoto wa Spika, mawaziri hukunja karatasi zao. Sokoni wanamwita Bwana Hapana, na watoto wakicheza baraza, kila mmoja anataka kuwa yeye. Jasu naye alipata kiti kimoja kati ya vile vya wanawake wa matabaka ya chini. Hakuwa msemaji. Karbir akiinua mkono, wa Jasu ulikuwa juu tayari.

Sasa tuje mwezi wa Asar uliopita, wakati wa mvua. Waziri mkuu wa mkoa, Padamraj Hamal, aligombana na chama kidogo kilichokuwa kimemshikilia, nacho kikamtoka. Karbir akaleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Ikiwa watu wetu wote wangefika, Hamal angeanguka kwa kura moja, na ndugu yetu angekuwa waziri mkuu. Wanawake wa soko walishafuma mashada ya maua ya njano. Mimi mwenyewe nilinunua poda nyekundu ya kumpaka akishinda.

Wa kwetu wote walifika, isipokuwa Jasu. Hoja ikaanguka.

Karbir alisema redioni, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba huko juu barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu jana yake, na kwamba yeye hawezi kumhukumu mtu, wananchi watajionea wenyewe. Akaacha hapo. Unajua jinsi anavyojua kuacha mahali. Kabla jua halijazama, soko zima lilikuwa linasema Jasu kanunuliwa. Chama kikamfukuza bila kumwita. Mwenye duka la chai akaacha kumuuzia. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ngozi ya kiatu hata ukiiweka kichwani itabaki ngozi ya kiatu." Watu wakacheka, na baadhi yao ni wale waliokalia magunia pamoja na Jasu.

Nami niliamini, kaka, tena haraka, kwa sababu siku moja kabla ya kura nilikuwa nimemwona. Nilikuwa narudi kutoka kwa binti yangu, huko juu anakokaa Jasu, ndani ya gari la abiria la dereva Bhakta. Tulipopita kwake alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, amevaa sari yake nzuri ya kijani, mfuko wake umefungwa miguuni. Bhakta akasimama.

"Mama, unashuka? Nafasi ipo, huyu mzee hapa ni mwembamba," alisema akinionyesha mimi.

Jasu akatikisa kichwa. Hakutusalimia. Niliposikia redio kesho yake nikajiambia, kumbe alikuwa anangoja gari la Hamal.

Ilinichukua muda kuona kitu ambacho mtoto angekiona. Gari letu lilifika soko la Rimna salama. Bhakta alikuwa anaimba njia nzima. Hayo maporomoko ya Karbir tuliyapitia wapi?

Tangu hapo sikulala vizuri. Mama alikuwa akisema mimi nikipewa yai nitamuuliza kuku alikuwa wapi. Nikaanza na Nirmal, katibu wa Karbir, kwa sababu alikuwa amepata pikipiki mpya mwezi huohuo. Nilimzungukia mkewe kwa maneno matamu, nikampelekea na maharage, kumbe pikipiki ni ya baba mkwe wake, kaumwa mgongo hawezi kuipanda. Maharage yangu yakapotea bure.

Nikamgeukia Karbir mwenyewe, kwa macho tu. Aliporudi kijijini baada ya kushindwa, nilimpikia ugali wa ulezi na dengu. Unamkumbuka alivyokuwa utotoni akishindwa hata kuvuta kamba: homa, kununa, kutupa sahani. Safari hii alikula, akaongeza, akalamba vidole, akauliza kama kuna maziwa mtindi. Mtu aliyeporwa uwaziri mkuu anauliza mtindi. Wifi Tulsa, mkewe, alikuwa anamtazama kwa pembeni kama ninavyomtazama mimi. Nikamuuliza tulipokuwa tunaosha vyombo kama alishafungasha vitu vya kuhamia makao makuu. Akasema, "Aliniambia nisifungashe. Alisema tusubiri kwanza." Hilo lilikuwa kabla ya kura, kaka, si baada.

Mwezi wa Bhadra, mvua ilipopungua, nikapanda kwenda kwa Jasu. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Hakushangaa kuniona, na hakunikaribisha ndani, kwa mazoea. Niliingia bila kukaribishwa nikakaa karibu na moto wake.

"Dada, siku ile ulikuwa unangoja gari la nani?" nilimuuliza.

"Muulize kaka yako."

"Nakuuliza wewe. Yeye atanipa hotuba."

Akamalizia kupukuchua muhindi aliokuwa ameushika. Kisha akanisimulia. Asubuhi ya siku ile Karbir alimpigia simu. Akamwambia, Jasu, usishuke, barabara imebomoka. Jasu akamjibu kwamba barabara iko wazi, magari yanapita, yeye mwenyewe ameshavaa. Karbir akasema polepole, "Jasu, nimekwambia barabara imebomoka."

"Nikaelewa," alisema Jasu. "Nikabaki nimekaa pale uani nimevaa, kwa sababu nilidhani atapiga tena aseme njoo."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Nilimngoja aseme yeye. Miaka yote hii akiniambia kaa, nakaa, na baadaye naona sababu. Nikasema safari hii pia nitaiona." Akanimiminia chai. "Mwanangu wa kiume amehamia mjini Nepalganj. Anasema hawezi kuishi na mama aliyeuza watu."

Niliinywa ile chai, kaka. Kama mama ananiona huko aliko, na anione.

Siku ya pili yake nikaenda kwa Karbir. Alikuwa anapasua kuni uani, kazi anayoipenda sana wakati watu wanapita.

"Kaka, barabara ilikuwa wazi," nilimwambia.

"Barabara ipi?"

"Ile iliyobomoka."

Akapasua gogo jingine. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu. Nilipita siku hiyohiyo na Bhakta. Na nimetoka kwa Jasu."

"Wewe mwanamke ungezaliwa mwanamume ungekuwa polisi."

"Ningekuwa polisi, wewe ungekuwa ndani."

Alicheka, kisha cheko likamwishia njiani. Akaketi juu ya gogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka. Akaniambia nikae. Alisema wale wa chama kidogo walitaka kila mmoja apewe wizara, na kati yao yumo yule aliyejenga daraja letu likasombwa na mvua ya kwanza, naye alitaka wizara ya madaraja. Alisema alikaa akafikiria mwaka mmoja mbele, akajiona amekaa kwenye kiti cha Hamal, anasema maneno ya Hamal, na upande wa kushoto amesimama kijana fulani anamwambia hapana.

"Kupinga najua, Nanda," alisema. "Hayo mengine siyajui. Watu wangejua ndani ya miezi sita kwamba siyajui."

Kaka, nilimhurumia. Nilitaka kumshika mkono. Katika maisha yake sijamsikia akisema neno la kweli kama lile, kama lilikuwa la kweli.

"Basi sema hivyohivyo," nikamwambia. "Watu watakuelewa."

"Nikisema, nani atanipigia kura tena?"

"Na Jasu?"

Alichukua shoka, akalitazama makali yake. "Jasu atazoea. Wao wamezoea."

Nilinyanyuka nikaenda zangu. Wao. Mtu aliyekula kutoka mkono wake gerezani.

Sikumsemesha tena mpaka sikukuu ya Tihar. Wewe huko mbali unaikosa kila mwaka siku ya kaka na dada, kwa hiyo nitakukumbusha inavyokuwa kwa Karbir: viti uani, wapiga picha, watu wa chama, na mimi nikija na sahani yangu ya maua, kokwa za jozi na rangi kumtia tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Mwaka huu sikwenda. Nilikaa nyumbani nikichambua pilipili.

Nirmal akaja na pikipiki ya baba mkwe. "Shangazi, watu wanasubiri. Saa ya heri inapita."

"Waambie barabara imebomoka," nikamjibu.

Baadaye kidogo Karbir akaja mwenyewe, kwa miguu, bila mtu nyuma yake. Akasimama mlangoni, paji la uso halina kitu, kama mtu asiye na dada. Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia aende kwenye mkutano wa chama aseme kwamba Jasu hakununuliwa. Akasema atasema. Nikamwapisha kwa jina la baba. Akaapa. Ndipo nikamtia tika, rangi zote saba, nikamzungushia mafuta, nikamwombea, na nilimwombea kwa moyo, kaka, usidhani vinginevyo.

Mkutano ulikuwa katika uwanja wa shule ya Rimna. Nilimleta Jasu mwenyewe, tukakaa safu ya wanawake, nafasi ikabaki wazi kila upande wetu. Karbir akasimama. Akasema, "Jasu Sarki hakununuliwa na mtu. Mimi ndiye niliyemwambia asije." Watu wakageuka kututazama. Jasu alinishika kiganja.

Kisha ndugu yetu akaendelea. Akasema aligundua dakika za mwisho kwamba wale wa chama kidogo, wenzetu wa kutuunga mkono, walishafanya njama ya kuuza mto wetu kwa kampuni ya kigeni, wajenge bwawa, mashamba yetu yazame. Akajiuliza achague kiti au mto. Akachagua mto. Akanyamaza miezi yote hii, akavumilia matusi ili asiwashtue maadui, na mwanamke mmoja jasiri akavumilia pamoja naye.

Siku ile ya kupasua kuni mto haukutajwa hata kwa kikohozi.

Watu walilipuka. Walimbeba mabegani wakamzungusha uwanja mzima, na yule mwenye duka la chai ndiye aliyekuwa mbele. Jasu naye alivalishwa shada. Alilivaa mpaka Karbir aliposhushwa, kisha akalivua taratibu, akaliweka kwenye kiti chake akaondoka. Chama kimemrudishia kadi yake. Mwanawe bado yuko Nepalganj.

Kwa hiyo sasa nina habari mbili, kaka, zote zimetoka mdomo mmoja. Na ipo ya tatu ambayo simwambii mtu isipokuwa wewe. Kabla ya sikukuu ya Dashain, Hamal aliidhinisha hospitali ndogo ya bonde letu, ileile aliyoikataa tangu aingie madarakani. Alikuja kuweka jiwe la msingi, na Karbir akasimama naye bega kwa bega. Niliwatazama walivyosalimiana. Walisalimiana kama watu waliokwisha kusalimiana mapema siku hiyo. Labda kiti kilibadilishwa na hospitali, labda naona mzuka mchana. Hospitali tunaihitaji, hilo silikatai, na mimi nitakuwa wa kwanza kupanga foleni.

Sasa nifike kwenye linalonihusu. Wiki iliyopita Jasu alishuka mpaka hapa. Anataka kugombea uchaguzi ujao, si kwa viti vile vya kupewa, bali jimbo lenyewe, dhidi ya Karbir, bila chama. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akasema, "Miaka yote nimeinua mkono. Nataka kuona nikifungua mdomo itakuwaje." Akaniomba nimtambulishe kwa wanawake wa upande huu wa mto. Nilifikiri usiku na mchana, nikamkumbuka baba, nikakumbuka damu si maji. Kisha nikamkubalia.

Jana asubuhi Nirmal alikuja, safari hii kwa miguu. Alizungumza kuhusu baridi, akazungumza kuhusu ng'ombe. Mwishowe akasema, "Shangazi, jihadhari. Sokoni wanasema Hamal amekununua."

"Nani aliyeanza kusema?"

Akatazama viatu vyake. Nilimpa chai, akanywa haraka akaondoka.

Kaka, Karbir atafika Dehradun kabla ya uchaguzi kuwakusanya watu wa bonde. Mpokee, ni ndugu yako. Mpe kitanda chako, mpikie nyama, na akisimulia habari za mto msikilize mpaka mwisho, maana anasimulia vizuri na huenda ni kweli. Akikuambia nimenunuliwa, usigombane naye. Lakini siku ya kura njoo nyumbani upige yako kwa mkono wako. Na ukishapiga, usimwambie mtu umempa nani. Hata mimi usiniambie.

Nisalimie wifi Champa, mwambie nimemwekea kokwa za jozi za kutosha. Wasalimie Dipendra na mkewe, na mjukuu wako ambaye bado sijambeba, mbusu visigino. Premlal nimempa na kifuko cha maharage yako, hesabu kama kimepungua. Miungu ya milima yetu ikuangalie njiani na langoni, ikupe usingizi mzito kuliko wangu, na ikurudishe hapa ukiwa mzima.

Dada yako mdogo akupendaye, upande wowote utakaokaa,

Nandakali